Bodi au zumu? Amua kabla hujatuma hela Kariakoo

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Kaka, nina Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo. Harusi za Desemba zimeniachia hela kidogo. Ninunue bodi kubwa au zumu?" Wa leo yuko Mwanga hapa Kigoma, wa jana alikuwa Ujiji, wa kesho atapiga simu kutoka Kasulu. Kila mara jibu langu linaanza na rundo la maswali, na muulizaji hukata tamaa kabla hatujafika mwisho. Basi nayaandika yote hapa, kwa mpangilio, ujiulize mwenyewe huku kamera iko mkononi.

Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi; zumu ni lenzi inayobadilisha milimita. Kwa mwenye haraka: kwa wapiga picha wengi wa Kigoma, yaani wa sherehe, wa kanisani, wa ziwani na wa sokwe, lenzi ndiyo inayotangulia. Ila si kila zumu inayong'aa dukani, na zipo hali ambazo bodi ndiyo inayodai. Zipo pia hali ambazo hakuna kinachodai zaidi ya flashi.

Andaa hivi kwanza

- Picha za kazi zako tatu za mwisho, faili zenyewe kutoka kwenye kadi. Zile zilizopita WhatsApp hazifai, zimebanwa na taarifa zake zimefutika.
- Kompyuta, au kamera yenyewe kama kompyuta huna.
- Daftari na kalamu.
- Kanga moja yenye maandishi yanayosomeka vizuri, kamba ya kuianikia, na tripodi. Stuli nzito nayo inatosha.
- Tepu ya kupimia ya fundi.
- Bei ya leo kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili. Bei ya mwezi jana usiiamini.
- Kiasi cha hela ulichonacho mkononi. Ile ambayo "bwana harusi atamalizia" usiihesabu.

Nadharia kidogo, tuimalize

Namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafungua zaidi na mwanga mwingi unaingia. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaongezeka mara nne. Maana yake, picha uliyopiga kwa ISO 6400 ungeweza kuipiga kwa ISO 1600, kasi ya shata ikibaki ile ile. (ISO ni jinsi kamera inavyokuza mwanga mdogo; shata ni pazia linalofunguka kupokea mwanga.) Namba ya milimita ni urefu wa kuvuta: 18 inaona chumba kizima, 200 inaona uso.

Zumu ndefu na zumu inayofungua ni vitu viwili tofauti. Lenzi ya 55-250 inavuta mbali lakini ikifika mwisho inafungua f/5.6 tu. Ya 17-50 yenye f/2.8 haivuti kitu, lakini ukumbini inakupa mwanga. Anayesema "nataka zumu" bila kujua anataka ipi kati ya hizo mbili hajawa tayari kununua.

Hatua ya 1: Chagua picha zilizokuudhi

Zile nzuri ziache. Tafuta zilizokukera: ulizofuta mbele ya mteja, ulizoficha chini kabisa ya albamu, na ile ambayo mama wa bibi harusi aliiangalia akanyamaza. Kusanya kama hamsini. Kama umezifuta zote kwenye kadi, ngoja kazi inayokuja na usifute kitu.

Hatua ya 2: Soma namba zake

Kwenye Canon, ukiwa unaangalia picha, bonyeza INFO mpaka taarifa zitokee. Kwenye Nikon, tumia mshale wa juu na wa chini. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kulia juu ya picha, fungua Properties, kisha Details. Andika mistari minne kwa kila picha: milimita, f, kasi ya shata, ISO.

Hii kazi inachosha, najua. Ifanye hata hivyo, maana daftari hili ndilo litakalojibu swali lako. Mimi siwezi kulijibu na muuzaji hawezi.

Hatua ya 3: Ipe kila picha jina la ugonjwa wake

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Picha ikiwa mbovu wanasema "kamera haina kwoliti" na hapo hapo wanaanza kuuliza bei ya bodi. Tazama picha kwa asilimia 100 na uiweke kwenye kundi moja kati ya haya:

*Mbali.* Mtu ni mdogo kwenye fremu, umelazimika kukata picha kwenye kompyuta mpaka ikabaki kipande. Angalia milimita: kama nyingi ziko 55, yaani mwisho wa lenzi yako, lenzi imekuishia.

*Finyu.* Ulibanwa ukutani na bado watu wa pembeni wamekatwa. Milimita zinasoma 18 kila mara. Ndoa za Ujiji zina kesi hii sana: nikahi inasomwa sebuleni, shehe, bwana harusi, walii na mashahidi wote wako mkekani, na wewe mgongo umegusa mlango. Dawa yake ni zumu pana kama 10-18, ambayo ni nyepesi na si ya bei ya kutisha. Zumu ndefu hapo haikusaidii kitu.

*Mtikisiko.* Kila kitu kimevutika upande mmoja, hata ukuta. Shata ilikuwa taratibu kuliko mkono wako. Kwa 250mm kwenye kamera ya kropu, yaani yenye sensa ndogo (kipande kinachopokea picha) kama 2000D, bila kitulizo cha mtikisiko, usishuke chini ya 1/400.

*Mwendo.* Ukuta umekaa sawa ila mtu amefifia. Alikuwa anacheza, shata ikiwa 1/40. Kitulizo hakisaidii hapa kwa sababu kinatuliza mkono wako tu, aliyekamata maua ataendelea kurukaruka. Unahitaji mwanga zaidi: lenzi inayofungua, au flashi.

*Fokasi imepotea.* Uso umefifia lakini pazia la nyuma linasomeka, au vishada vya maua mbele vimekaa vizuri kuliko bibi harusi. Inaweza kuwa bodi, inaweza kuwa lenzi, na mara nyingi ni mpangilio. Hatua ya 4 itakuambia.

*Chengachenga.* Picha imejaa punje kwa sababu ISO ilipanda 6400 au 12800. Kabla hujailaumu bodi, soma f. Kama inasema f/5.6, lenzi ndiyo iliyoilazimisha bodi kupanda huko.

*Rangi na vivuli.* Uso wa zambarau kwa taa za didjei, macho hayaonekani, gauni jeupe limeungua huku sura ya bwana harusi ni giza. Si bodi wala zumu itakayoponya hili. Ni flashi, na kujua kuielekeza. Nyongeza kwa wanaopiga chini ya turubai: ukigongesha flashi kwenye turubai jeupe unapata mwanga laini mzuri, ukigongesha kwenye la bluu, ukoo mzima unatoka bluu.

Weka alama kwa kila kundi. Usibishane na alama zako.

Hatua ya 4: Jaribio la kanga

Anika kanga kwenye veranda, kivulini, saa ambayo upepo wa ziwa umetulia. Ivute ikae bapa, ile sehemu yenye maandishi iwe katikati na ncha za maandishi ziguse kingo za kushoto na kulia za fremu. Kamera iwe juu ya tripodi au stuli, iangalie kanga moja kwa moja, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Piga hivi:

a) Kwa kuchungulia kwenye dirisha la kamera, lenzi ikiwa wazi kabisa. Picha tatu, kila mara vuruga fokasi kwanza uifanye upya.

b) Vivyo hivyo kwa kutumia skrini ya nyuma.

c) Rudia zote mbili kwa f/8.

Sasa kuza herufi kwenye kompyuta. Ukiona kwa skrini herufi zimekatika safi na kwa dirishani zimefifia, kioo cha lenzi hakina kosa; mfumo wa fokasi wa bodi na lenzi haujapatana. Bodi za daraja la juu kidogo, mfano Canon 90D au Nikon D7500, zina marekebisho yake kwenye menyu. Bodi ndogo hazina, ila fundi anaweza kuzirekebisha. Ukiona njia zote mbili zimefifia hata kwa f/8, lenzi imechoka au ina fangasi. Ukiona upande wa kushoto unasomeka na wa kulia hausomeki, na umeshahakikisha kamera haikukaa mshazari, lenzi hiyo iliwahi kuanguka, hata kama aliyekuuzia aliapa. Na ukiona kila kitu safi, basi matatizo yako ya ukumbini ni mwanga na mkono, na bodi mpya itakuja kuyarithi.

Tahadhari: usifanye jaribio hili usiku chini ya taa ya sebuleni. Utaihukumu lenzi kwa kosa la balbu.

Hatua ya 5: Pima umbali wa mahali unapofanyia kazi

Chukua tepu nenda kanisani siku isiyo na ibada, omba ruhusa, simama pale katekista anapokuzuia usivuke, na upime hadi wanaposimama maharusi. Kisha fanya hesabu hii kwa kamera ya kropu:

umbali kwa mita × 22 ÷ milimita za lenzi = upana utakaoonekana kwa mita

Tuseme umepata mita 12. Kwa 55mm utaona upana wa karibu mita 4.8: maharusi, wasimamizi, nusu ya kwaya na feni. Kwa 200mm utaona mita 1.3, yaani maharusi wawili kuanzia kifuani, pete ikionekana. Hapo umeshajua zumu ya kwenda 200 inatosha, na ya 300 ingekuwa kubeba chuma bure.

Kwa fulu fremu, yaani bodi yenye sensa kubwa zaidi, badala ya 22 weka 36. Kwa mita 12 zile zile na 200mm unapata mita 2.2. Umeona kilichotokea? Umenunua bodi ya gharama na maharusi wamekuwa wadogo zaidi. Hili huwashangaza watu baada ya kulipa.

Wale wanaowapeleka wageni Hifadhi ya Gombe au wanataka kuuza picha za sokwe, hesabu yenu ni rahisi zaidi kwa sababu kanuni za hifadhi zimeshawapimia: mkae mita 10 kutoka kwa mnyama. Kwa kropu na 200mm, upana ni mita 1.1, sokwe aliyekaa anajaza fremu. Kwa hiyo 600mm si lazima kama wengi wanavyodhani. Kinachowaumiza Gombe ni giza: msitu wa bondeni umefunga juu, sokwe ni mweusi, na flashi hairuhusiwi. Ukiwa na f/5.6 na shata ya 1/250 utajikuta ISO 6400 mchana kweupe. Zumu ya 70-200 yenye f/2.8 inakurudisha 1600.

Lakini pima na uzito. Zumu hiyo ya f/2.8 ina kama kilo moja na nusu, na milima ya Gombe haikuonei huruma. Ya 70-200 yenye f/4 ni nusu ya uzito huo, na 55-250 ndogo ya Canon haifiki gramu 400. Mpiga picha aliyechoka hupiga picha za miguu yake. Kwa wanaoteremka hadi Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ambako barakoa ni lazima ukiwa karibu na sokwe, pumzi hupanda ikafunga dirisha la kuchungulia kwa mvuke. Bana barakoa vizuri puani kabla hujailaumu kamera kuwa haifokasi.

Machweo ya ziwani, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, hayahitaji ununuzi wowote. Tripodi, ISO 100, na lenzi uliyonayo.

Hatua ya 6: Amua

Rudi kwenye alama za hatua ya 3.

Zikiongoza *mbali*, nunua zumu ndefu. *Finyu*, zumu pana. *Mwendo* na *chengachenga* zikiongoza huku f ikisoma 5 na kitu, nunua zumu inayofungua f/2.8: kwa ukumbini 17-50 ya Tamron au Sigma kwenye kropu ni farasi wa kazi, na mitumba yake inapatikana. Kama hata hiyo haifikiki, 50mm f/1.8 haina zumu lakini itakushikilia msimu mmoja bila aibu. *Rangi na vivuli* zikiongoza, nunua flashi na zinazobaki ziweke akiba.

Bodi itangulie pale tu unapoona mojawapo ya haya:

- Unalipwa kwa harusi na kamera yako ina nafasi moja tu ya kadi. Harusi hairudiwi. Siku kadi itakapokufa, hakuna lenzi itakayokutetea mbele ya wakwe. Bodi ndogo zote zina nafasi moja, na hata Canon 6D ya fulu fremu ina moja. Nikon D750 na Canon 5D Mark III zina mbili.
- Lenzi yako tayari inafungua f/2.8 au zaidi, shata iko sawa, na bado unakesha ISO 6400 ukiwa na sensa ya zamani.
- Fokasi inapotea kwa watu wanaotembea, ingawa umeweka fokasi ya kufuatilia, yaani AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, na kwenye kanga lenzi ilifaulu. Zile 1300D, 2000D na 4000D zina pointi 9 tu, na ya katikati ndiyo yenye nguvu. Bodi za mirolesi za siku hizi, zisizo na kioo cha ndani, zinashika jicho la bibi harusi tangu mlangoni mpaka madhabahuni; tofauti hii utaiona siku ya kwanza.
- Wateja wako wanataka video na bodi yako haina tundu la maiki. Hizo tatu nilizotaja hapo juu hazina.
- Shata inakaribia umri wake. Canon 6D ilipimwa kwa mipigo 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 kwa 150,000. Ikivuka si kwamba inakufa hapo hapo, ila usiipeleke peke yake kwenye kazi ya kulipwa.

"Ina megapikseli nyingi" haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Megapikseli 18 za 4000D zinatoa picha ya ukutani ya kutosha sebule yoyote ya Kigoma.

Hatua ya 7: Hakikisha vinaingiliana

Canon: lenzi za EF-S, yaani za kropu, hazikai kwenye bodi za fulu fremu zenye kioo cha ndani kama 6D na 5D. Kwa hiyo ukiruka kwenda fulu fremu, ile 18-55 na 55-250 zako zinabaki mapambo. Lenzi za EF na EF-S zinakaa kwenye bodi za R, mirolesi za Canon, kwa adapta, bila shida ya fokasi. Lenzi za RF, za bodi hizo za R, hazirudi nyuma kwenye bodi zenye kioo. Na ukiweka EF-S kwenye R6 yenye megapikseli 20, kamera inakata picha mpaka zinabaki chini ya 8.

Nikon: bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao, D3500 na D5600 zikiwemo, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi za zamani za AF-D zitakaa lakini utafokasi kwa mkono. Na lenzi mpya zenye alama ya AF-P zinagoma kwenye bodi za zamani kama D3100 na D5100. Mwambie muuzaji jina kamili la bodi yako, herufi kwa herufi.

Lenzi na bodi za Sony za maunti ya E (maunti ni mahali lenzi inapofungia) zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, ila lenzi ya kropu ikiwekwa kwenye fulu fremu nayo inakata picha.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya gharama yote

Bodi haiji peke yake. Andika: betri ya pili, kadi mbili za kasi, adapta kama ipo, na kompyuta, maana faili zikiwa kubwa ile laptopu yako ya zamani itaanza kupumua kwa shida. Kwa fulu fremu ongeza lenzi moja kamili. Zumu inakuja na gharama ndogo: kava la kuzuia jua, kichujio cha kukinga kioo, na mfuko.

Kumbuka pia kwamba bodi hushuka bei kila modeli mpya inapotoka, wakati lenzi nzuri huuzika miaka mingi baadaye. Mtu akija kukuomba umuuzie 70-200 yako, atakubembeleza. Ya bodi utambembeleza wewe.

Hatua ya 9: Kodi kifaa kwanza

Mtafute mwenzako mwenye kifaa unachokitaka, akukodishie kwa kazi moja ndogo: kipaimara, mahafali, sherehe ya arobaini. Mwandikishane hali ya kifaa kabla hujakichukua. Ukirudi, rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa picha mpya. Alama za ugonjwa ule ule zikibaki pale pale, umeokoa hela nyingi kwa bei ya kukodi siku moja.

Hatua ya 10: Kununua ukiwa mbali

Vifaa vingi hutoka Dar na hupanda basi au treni. Usinunue kwa picha za muuzaji. Tafuta ndugu au rafiki aliye Dar aende dukani na kadi yake mwenyewe, na umpe kazi hizi:

Lenzi aishike kuelekea mwanga, amulike tochi ya simu kupitia nyuma, atazame ndani. Vumbi kidogo si neno. Akiona kama nyuzi za buibui, hiyo ni fangasi; aiache. Azungushe zumu taratibu, isikwame wala isicheze. Apige picha ya ukuta wa matofali kwa f iliyo wazi kabisa, kushoto na kulia vilingane.

Bodi apige anga kwa f/16, madoa ya sensa yataonekana. Ajaribu kila kitufe, kila nafasi ya kadi, na tundu la flashi juu. Kwa Nikon, idadi ya mipigo imeandikwa ndani ya faili la picha na tovuti nyingi huisoma. Kwa Canon mara nyingi inahitaji programu maalumu, basi muuzaji aifungue mbele yake. Kwa Sony, afungue menyu ya lugha: zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na Kijapani tu.

Kisha akutumie picha hizo WhatsApp kama faili, kwa kuchagua Document. Akituma kama picha ya kawaida zitabanwa na utakuwa unakagua kazi ya WhatsApp. Hela iende baada ya hapo, siyo kabla.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kununua 75-300 ya bei poa kwa sababu imeandikwa 300. Ile ya Canon ya kawaida haina kitulizo, na mwisho wake ni laini kama uji. Bora 55-250 yenye IS, yaani kitulizo.

Kununua kile kioo cha kuskrubu mbele ya lenzi kinachosemekana "kuongeza zumu". Kinaongeza ukungu.

Kubadilisha lenzi ndani ya boti ya Kibirizi au katikati ya wanaoanika dagaa, upepo unavuma. Funga lenzi ya safari hiyo ukiwa bado nchi kavu.

Yakitokea haya baada ya kununua

*Kamera inaandika Err 01.* Bodi na lenzi hazisikilizani. Zima, toa lenzi, futa zile pini za dhahabu kwa kitambaa safi kikavu, rudisha mpaka isikike imejifunga. Ikiendelea, jaribu lenzi nyingine ili ujue mgonjwa ni nani.

*Zumu mpya haifokasi kabisa.* Angalia swichi ya pembeni kama iko AF. Angalia kama hujamkaribia mtu kupita kiasi. Zumu ndefu nyingi zinataka zaidi ya mita moja. Kwa Nikon ndogo, soma tena hatua ya 7.

*Picha za tripodi zinatikisika kuliko za mkononi.* Zima kitulizo. Lenzi nyingi za zamani hujitafutia mtikisiko usiokuwepo.

*Pembe za picha ni nyeusi.* Kava la jua limekaa vibaya, vichujio viwili vimepandana, au umeweka lenzi ya kropu kwenye fulu fremu.

*Bodi mpya, picha zinafanana na za zamani.* Angalia kama bado uko kwenye Auto na JPEG ndogo. Weka RAW, yaani faili ghafi, jipangie f na shata mwenyewe, halafu rudi kwenye kanga.

*Lenzi ina mvuke ndani baada ya safari au mvua.* Usiianike juani wala usiiweke karibu na jiko. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, siku mbili tatu. Ndoo hiyo hiyo iwe makazi yake ya kudumu msimu wa masika, na lenzi itoke nje mara kwa mara, maana unyevu wa ziwa na giza la kabati ndivyo vinavyoikuza fangasi. Mvuke ukikauka ukaacha nyuzi, mpelekee fundi mapema kabla hazijala koti la kioo.